Kabla hujauza shamba umpeleke mtoto Kanada, hesabu PR kuanzia mwisho

Omena Kavu (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu kutoka Nyalenda. Nimekuja matanga ya babu, niko nyumbani wiki tatu, na tangu nifike sijamaliza kikombe cha chai kabla ya mtu kuniuliza habari za Kanada. Wengi nimewajibu kwa mkato. Mmoja ameshindikana.

Juzi jioni shangazi yangu alikuja na bahasha ya kaki ameibana kwapani kama kuku anayeweza kutoroka. Ndani mlikuwa na barua ya bintiye ya kukubaliwa chuoni, karatasi ya ejenti yenye picha ya theluji, na hati ya shamba, robo ekari huko Ahero. Mnunuzi ameshapatikana. Ejenti anataka sehemu ya karo kabla ya mwezi kuisha. Shangazi alikuwa na swali moja tu: "Baba, akimaliza kusoma, watamwacha akae?"

Nikaisoma ile barua mara mbili. Usimamizi wa hoteli, cheti cha mwaka mmoja. Nikamwambia arudishe hati kwenye bahasha kwanza tule, samaki asipoe.

Shida ni kwamba safari hizi tunazipanga kutoka huku kwenda kule: pasipoti, chuo, viza, tiketi, halafu PR, yaani ukaazi wa kudumu, "tutaona tukifika". Ukifika umechelewa. Sehemu kubwa ya hesabu ya pointi za PR inafungwa siku unapochagua kozi, ungali huku unanunua sukuma Jubilee.

Chukua hiyo hoteli. Aliyeomba kibali cha masomo kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, akisoma kozi isiyo shahada, hapewi kibali cha kazi cha baada ya masomo, kile tunachokiita PGWP, mpaka kozi yake iwe kwenye orodha ya fani wanazozihitaji. Mna afya na huduma za jamii, elimu, sayansi na teknolojia, ufundi, kilimo, uchukuzi. Hoteli haimo. Biashara ya kawaida nayo haimo. Wa shahada, uzamili na uzamivu hawaguswi na orodha hiyo. Kwa hiyo binamu yangu angesoma mwaka mzima, apige picha na kofia, kisha arudi Ahero kutazama mahindi ya mtu mwingine kwenye shamba la mama yake.

Ejenti hakuandika hilo popote. Wala hakudanganya. Barua ni ya kweli, chuo ni cha kweli, kozi ipo.

Kijana wa Lurambi

Mkuu, pole kwa msiba. Sasa hizo pointi zinahesabiwaje? Kila video ninayofungua inasema lake, na nusu yake inaishia kuniambia nipige simu.

Omena Kavu

Nitumie binamu yangu, amekubali mradi nisitaje jina. Ana miaka 24, shahada ya ualimu ya Maseno, TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, haijamwona bado, anafundisha shule ya binafsi huko Manyatta na mwaka wa kwanza unakaribia kuisha. Tuseme anaachana na hoteli, anachukua diploma ya miaka miwili ya malezi na elimu ya watoto wadogo, ambayo imo kwenye orodha. Asiondoke mbio. Amalize mwaka wa pili hapo Manyatta, aende akiwa 25 na ushei, amalize diploma akiwa 27, afanye kazi ya fani hiyo mwaka mmoja, aingize profaili Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua watu wa PR kwa pointi, akiwa 28, bila mume.

Umri unampa 110. Hicho ndicho kilele, na kinakaa hapo kuanzia miaka 20 hadi 29. Elimu, shahada na diploma juu yake, 128. Kiingereza cha ngazi ya CLB 9, kipimo cha Kanada cha Kiingereza, katika stadi zote nne ni 31 mara nne, yaani 124. Mwaka mmoja wa kazi ya Kanada, 40. Hapo ana 402. Halafu kuna pointi za mchanganyiko, ambazo video nyingi huzipita kwa sababu zinachosha. Elimu yake ikikutana na Kiingereza kizuri anapata 50. Miaka miwili ya Manyatta ikikutana na Kiingereza hicho na ule mwaka wa kazi ya kule, 38. Diploma ya Kanada yenyewe ni 15. Jumla 505.

Sasa 505 ni nyingi au ni chache? Inategemea umesimama geti gani. Kanada huwaita watu kwa droo, kuanzia wenye pointi nyingi kushuka hadi kikato. Mwaka 2025 droo za CEC, njia ya waliokwisha kufanya kazi Kanada, zote zilikata juu ya 510. Binamu angekaa nje akisikia muziki. Lakini tangu 2023 wanafanya pia droo za fani, na ile ya kwanza ya walimu na walezi wa watoto, tarehe 1 Mei 2025, ilikata 479. Mtu ni yule yule, pointi ni zile zile, na kilichomwingiza ni kozi aliyoichagua miaka mitatu nyuma.

Mkoa ukikuteua unaongezewa 600 na hapo mchezo umekwisha. Ila kila mkoa una masharti yake na hubadilika kama bei ya nyanya Kibuye, kwa hiyo msiniulize mkoa gani "ni rahisi". Quebec ina mfumo wake kabisa, nje ya Express Entry.

Na wale mnaoambiwa na majirani "tafuta mwajiri akuandikie barua upate pointi 50 au 200": pointi hizo ziliondolewa tarehe 25 Machi 2025. Mtu akikuuzia barua ya ajira leo kwa ajili ya pointi, anakuuzia karatasi.

Mama Wawili, Nakuru

Asante mwanangu kwa kutufungua macho. Mimi niko Kiamunyi. Kijana wangu ana miaka 34, ana mke na mtoto mmoja, anafanya kazi ya bima hapa Nakuru. Tumeambiwa achukue diploma, mke apate kibali cha kufanya kazi yoyote, mshahara wa mke ndio ulipe karo. Je, ni kweli?

Omena Kavu

Mama, hilo lilikuwa kweli, sasa si kweli. Tangu 21 Januari 2025 mke au mume wa mwanafunzi hupata kibali cha kazi ikiwa mwanafunzi anasoma uzamili wa miezi 16 au zaidi, uzamivu, au shahada chache za taaluma maalum. Diploma haimo. Mkamwana angefika akae nyumbani na mtoto, na kodi ya nyumba kule haijui kwamba mtu hana kibali.

Jambo la pili ni umri, nalo naliandika kwa heshima. Kwa asiye na mwenzi, miaka 30 ni pointi 105, miaka 34 ni 83, miaka 37 ni 66. Mwaka hula tano au sita. Ukifika 40 unabaki na 50, na kuanzia hapo mwaka mmoja unabeba 11, mpaka 45 ambapo ni sufuri. Mwenye mwenzi hupata pungufu kidogo na sehemu nyingine huhamia kwa mwenzi, lakini mteremko ni ule ule. Kijana akiondoka 34, akasoma miaka miwili na kufanya kazi mmoja, anaingia kwenye hesabu akiwa 37.

Kabla ya chochote, waketi wote wawili, yeye na mkewe, wafanye hesabu mara mbili: mara moja yeye akiwa mwombaji mkuu, mara moja mke. Mkamwana ana miaka mingapi, na amesomea nini? Nimeona nyumba ambazo mwanamume alisafirishwa kwa harambee ilhali mkewe, muuguzi wa miaka 28, ndiye aliyekuwa na pointi.

Mama Wawili, Nakuru

Mke ana 29. Ni fundi wa maabara hospitalini. Mungu wangu.

Omena Kavu

Mama, mpigie simu leo.

Kapsoya Juu

Huku Uasin Gishu tusikumbushwe. Mwaka 2023 wazazi walikuwa barabarani Eldoret wakidai warudishiwe karo za watoto waliokuwa waende Finland na Kanada. Endeleeni, nasoma tu.

Mzalendo wa Kibos

Omena, maneno matamu. Wewe mwenyewe ulipitaje? Au ni wale wa kufundisha kuogelea wakiwa ufuoni Dunga?

Omena Kavu

Swali la haki. Nilipita kwa kukwaruzwa.

Nilifika Januari 2018 nikiwa na miaka 25, shahada ya biashara na miaka miwili ya kazi kwenye SACCO hapa mjini. Nikasoma diploma ya uhasibu, nikamaliza Desemba 2019, nikapata PGWP ya miaka mitatu. Kibali hicho hutolewa mara moja tu maishani, kikumbukeni hivyo. Mezani nilikuwa na kazi mbili. Moja ya kutunza vitabu vya hesabu kwenye ofisi ndogo ya gereji, dola 17 kwa saa. Nyingine ya usiku kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, dola 21. Nyumbani nilikuwa na deni la harambee na mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Nikachukua ghala. Yupo kati yenu ambaye angechukua gereji? Glovu mbili mbili, mashine ya kusoma misimbo inalia kila ukikosea rafu, alfajiri natoka nje ndevu zimeshika barafu najiona mwanamume.

Jumamosi ya 13 Februari 2021 nimelala baada ya zamu, simu ikaita. Ni msichana wa Kakamega tuliyesoma naye. Ile kazi ya gereji niliyoikataa alikuwa ameichukua yeye. Alikuwa analia, nikadhani kuna msiba. Siku hiyo Kanada ilituma mialiko 27,332 kwa mpigo, karibu kila aliyekuwa na sifa za CEC kwenye kapu, na kikato kilikuwa 75. Sabini na tano! Mpaka leo hakuna aliyeona kikato kama hicho tena.

Mimi pia nilikuwa na mwaka na ushei wa kazi, tena saa nyingi kuliko zake. Zote za ghala. Kwa CEC kupakia na kupakua mizigo ni kazi ya ngazi ya chini, haihesabiwi hata uifanye miaka kumi. Siku zile ngazi zilikuwa za herufi. Tangu Novemba 2022 zinaitwa TEER, na zinazohesabiwa ni 0, 1, 2 na 3. Nne na tano unapata mshahara tu. Mpishi ni TEER 3, anayemwoshea sufuria na kumkatia vitunguu ni 5. Mhudumu wa wagonjwa hospitalini au kwenye nyumba ya wazee ni 3, anayekwenda kumhudumia mzee nyumbani kwake ni 4. Wala usidanganyike na cheo kilichoandikwa kwenye beji, wanatazama kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

Nikahamia vitabu vya hesabu Machi 2021, kwa dola 18. Machi 2022 mwaka wangu ukatimia, na geti likiwa limefungwa: droo za CEC zilisimama tangu Septemba 2021. Zilipofunguliwa 6 Julai 2022 kikato kilikuwa 557. Mimi nilikuwa na 480, nimeshatimiza miaka 30, pointi tano za umri zimeenda, na kibali kimebaki miezi saba.

Kilichonishika mguu ni IELTS, mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza 8, kusoma 7.5, kuzungumza 7, kuandika 6.5. Nilipewa niandike barua ya kumlalamikia mwenye nyumba. Karatasi ya mtihani imesema wazi usiandike anwani, na mimi, kwa mazoea ya KCSE, nikachora anwani mbili, tarehe, na kichwa nikapiga mstari. Nikarudia mtihani Agosti nikapata 7 kwenye kuandika. Nusu hiyo moja ikanipandisha kutoka 480 hadi 500. Tarehe 26 Oktoba 2022 kikato kikawa 496.

Tofauti ya mshahara kati ya ghala na gereji kwa miezi kumi na minne sikumbuki hata niliitumia kwa nini.

Kijana wa Lurambi

Nusu bendi, pointi ishirini?

Omena Kavu

Na kwangu ilikuwa hasara ndogo, kwa sababu kazi ya Kanada ilinizibia pengo. Tazama anayeomba akiwa bado Kenya: miaka 29, shahada moja, miaka mitatu ya kazi ya taaluma, CLB 9 kote. Ana 429. Mpe 6.5 kwenye kuandika peke yake, mengine yabaki. Anashuka hadi 384. Pointi 45 zimekwenda na aya mbili.

CLB 9 kwa IELTS ni 8 kusikiliza na 7 kwa hizo tatu nyingine. Na iwe ile ya General kwa ajili ya PR. Wengi mnafanya Academic ya chuo mkidhani imetosha. Matokeo hukaa miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema sana ukaja kuoza kabla ya mwaka wako wa kazi kutimia.

Mtaa wa Oginga Odinga

Mimi ni ejenti, na sijifichi. Uzi huu unatuchafulia jina sote. Sheria zilibadilishwa mwishoni mwa 2024, watoto wakiwa wamekwisha kulipa. Sisi tungejuaje? Tunawapeleka chuoni, na chuoni wanafika.

Omena Kavu

Ndugu, nimekuelewa, na kwa waliolipa kabla ya sheria una hoja. Barua ya shangazi ni ya mwaka huu.

Wadau, swali la kumuuliza ejenti yeyote, kwa adabu kabisa: nani anakulipa? Mara nyingi chuo humlipa asilimia ya karo kwa kila kichwa. Hilo si dhambi, ila jua yuko upande gani wa meza. Kukutafutia chuo ni kazi moja. Kukushauri kuhusu kibali na PR kwa malipo ni kazi nyingine, na kwa sheria ya Kanada anayeruhusiwa ni wakili wa kule au mshauri mwenye leseni anayeitwa RCIC. Majina yao yako kwenye rejista ya wazi, unaandika jina unaona kama leseni iko hai. Kufungua profaili ya Express Entry hakulipiwi hata senti. Nimekutana na mtu wa Busia aliyelipishwa elfu themanini "kuingizwa kwenye mfumo".

Mkongo wa Kondele

Ndugu Omena, mimi ni mtu wa Bukavu, niko hapa Kondele mwaka wa sita, nashona nguo. Kifaransa nilikisomea tangu darasa la kwanza mpaka chuo. Nasikia watu wanakitafuta kama dhahabu. Ni kweli?

Omena Kavu

Ndugu yangu, wewe ndiye tajiri wa uzi huu na unashona mapazia.

Ukifika NCLC 7, kipimo cha Kifaransa kilicho kama CLB, katika stadi zote nne, na Kiingereza chako ni CLB 5 kwenda juu, unapata nyongeza ya 50, na nyingine 12 za lugha ya pili. Ni 62. Halafu kuna droo za wenye Kifaransa: 21 Machi 2025 ilikata 379, mwaka ule ule ambao CEC haikushuka 510. Mtihani unaitwa TEF Canada au TCF Canada.

Ila ushonaji ni TEER 4, hauhesabiwi. Kabla ya kuja ulifanya nini?

Mkongo wa Kondele

Nilifundisha hisabati sekondari, miaka minne.

Omena Kavu

Basi hiyo ndiyo kazi yako kwenye karatasi. Lakini wanatazama miaka kumi ya mwisho tu. Uko hapa mwaka wa sita, kwa hiyo bado miaka yako yote minne ya ualimu imo. Kila mwaka utakaopita ukiwaza, mmoja unaanguka. Shahada yako itathminiwe na shirika wanalolikubali, ripoti hiyo hudumu miaka mitano, na anza kutafuta shule yako Bukavu ikuandikie barua. Kwako hata karo ya Kanada huenda huihitaji.

Wengine mnaosoma hapa mkiwa na miaka 20, mnaye mwalimu wa Kifaransa Kondele. Mpelekeni vitambaa pia.

Mkongo wa Kondele

Saa moja shilingi mia tatu. Nimeanza.

Bungoma hadi Perth

Kanada si dunia nzima. Huku Australia hesabu ni fupi: chini kabisa ni 65, ingawa kwa fani nyingi 65 haikuiti. Umri wa 25 hadi 32 ni 30, na ukifika 45 hakuna. Kiingereza cha 7 kote ni 10, cha 8 kote ni 20. Kusoma hapa miaka miwili, 5, na ukisomea nje ya miji mikubwa, 5 juu yake. Perth inahesabiwa kuwa ya nje, ndiyo maana niko huku na si Sydney. Jimbo likikuteua kwa viza 190 ni 5, kwa 491 ya mikoani ni 15. Usiye na mwenzi unapewa 10, huku upweke unalipwa.

Ubaya ni mlangoni. Ada ya viza ya mwanafunzi ni dola 2,000 za Australia tangu Julai 2025 na ukikataliwa hairudi. Na viza ya kazi ya baada ya masomo, tangu Julai 2024, kwa wengi umri wa mwisho ni 35.

Omena Kavu

Asante jirani. Nami niseme la pesa kwa Kanada kisha nipumzike. Nilipoondoka nilionyesha dola 10,000 za kujikimu. Tangu 1 Septemba 2025 anayeenda peke yake anaonyesha 22,895, nje ya karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Ni zaidi ya milioni mbili za kwetu, na zinatakiwa zionekane zilikotoka. Zikiingia zote Jumanne kutoka kwa wajomba kumi na mmoja, ofisa ataona Jumanne. Kama ni harambee, wekeni barua za wachangaji na taarifa za benki. Kama ni shamba, weka mkataba wa mauzo.

Kibali cha masomo ni dola 150, alama za vidole 85, unazitoa Nairobi. Muhula ukiendelea unaruhusiwa kazi ya saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Zitakununulia chakula na sehemu ya kodi. Anayekuambia zitalipa karo hajawahi kulipa karo. Na saa hizo ukiwa mwanafunzi wa kutwa hazihesabiwi CEC hata zikiwa za kazi nzuri. Hesabu huanza ukishamaliza: saa 1,560 za kuajiriwa, yaani saa 30 kwa wiki mwaka mzima. Kazi ya kujiajiri, teksi ya simu ikiwemo, haimo.

Pasipoti pia! PGWP haivuki tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kama yako imebaki mwaka mmoja na nusu, ibadilishe huku huku kabla ya kuondoka.

Mzalendo wa Kibos

Nimekubali ulishaogelea. Lakini niulize, shangazi akiuza Ahero na mtoto akafanya yote sawa, droo za walimu zikasimama mwaka huo kama zako zilivyosimama, itakuwaje?

Omena Kavu

Itakuwa mbaya. Sitakudanganya. Ndiyo maana nimemwambia shangazi kwamba mpango mzuri ni ule ambao mtoto akirudi Kisumu bila PR bado ana cheti kinachomlisha, na nyumba bado ina shamba. Auze nusu, akodishe, akope SACCO, lakini asiuze yote kwa ajili ya geti ambalo mwenye geti anaweza kulifunga akiwa amekunywa kahawa. Binamu anaweza kwenda mwaka kesho. Ana 24, pointi zake za umri hazisogei mpaka afike 30. Mwaka wa kusubiri unampa uzoefu wa Manyatta, IELTS bila presha, na Kifaransa cha Kondele. Kwa umri wake muda ni mali. Kwa kijana wa Mama Wawili ni deni.

Mama Wawili, Nakuru

Nimempigia. Amekaa kimya dakika nzima, halafu mkamwana akachukua simu akaniuliza, "Mama, hiyo IELTS inafanyiwa wapi?"

Kijana wa Lurambi

😂😂 Nyumba imepata msemaji mpya.

Omena Kavu

Habari za shangazi, maana mmeniuliza kwenye jumbe. Mnunuzi wa Ahero ameambiwa asubiri, amekasirika. Ejenti ameambiwa hoteli hapana, naye amejibu anaweza kututafutia kozi ya watoto wadogo, tutaisoma barua kwanza.

Binamu ameanza na kilicho karibu, barua ya ajira. Inatakiwa itaje cheo, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, mshahara, na majukumu. Leo amerudi nayo kutoka kwa mwalimu mkuu, ina muhuri wa zambarau na imekunjwa vizuri: "Huyu ni mwalimu mwenye nidhamu, mcha Mungu, na hajawahi kuchelewa gwaride." Saa hakuna, mshahara hakuna. Kesho asubuhi anarudi Manyatta na soda mbili.